Lori la mizigo Nyanda za Juu Kusini: leseni, mizani, breki na vifaa vya kufuatilia gari

Anayenunua lori lake la kwanza Mbeya au Makambako huuliza bei ya leseni, kisha bima, kisha dereva. Breki huulizwa mwisho, mara nyingi baada ya gari kushuka mteremko wa Iwambi likitoa moshi magurudumuni. Mwongozo huu unayapanga mambo kinyume na mazoea hayo. Makaratasi tutayapitia haraka, uzito kwa makini, na breki kwa kirefu, kwa sababu barabara ya kutoka Kitonga hadi Tunduma ni ya kupanda na kushuka ukiacha kipande cha Usangu, kuanzia Igawa hadi Igurusi.

Ofisi ipi inashika nini

LATRA, yaani Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, ilichukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2019. Ndiyo inayotoa leseni ya gari la biashara, liwe la mizigo au la abiria, inayothibitisha madereva wa magari ya biashara, na inayosimamia VTS, mfumo wa kufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani. Polisi wa Usalama Barabarani hukagua ubovu wa gari, hushika tochi na kuandika faini. Mizani ni ya TANROADS. TRA husajili gari na kufunga lakiri za kielektroniki kwenye mizigo inayovuka kwenda Zambia na Kongo. Wakala wa Vipimo hushughulika na magunia. Bima huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya gari, kwa hiyo karatasi nzuri ya bima ya kughushi haivuki kizuizi cha kwanza.

Mgawanyo huu una maana kwa mwenye gari. Leseni ya LATRA haimwambii chochote mtu wa mizani, na kupita mizani ya Uyole hakuna uhusiano na uzima wa breki. Dereva akisimamishwa, ajue kwanza aliyemsimamisha anatoka ofisi gani, maana kila mmoja ana karatasi yake na malipo yake. Malipo ya serikali hupitia kontroo namba. Anayetaka fedha mkononi, hiyo si kazi ya ofisi anayoifanya.

Kukata leseni ya LATRA

Maombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa LATRA unaoitwa RRIMS. Asiyeweza huenda ofisi ya mkoa akasaidiwa. Kabla ya kufungua akaunti, weka mezani kadi ya gari, namba ya mlipakodi, bima iliyo hai na taarifa ya ukaguzi wa gari kutoka polisi. Hakikisha jina la mwombaji ni lilelile lililo kwenye kadi. Hapa ndipo maombi mengi hukwama: gari limenunuliwa kwa mkono, kadi bado inasoma jina la mmiliki wa zamani, na mfumo haujui habari za makubaliano yenu. Maliza uhamisho wa umiliki TRA kwanza, ndipo uje LATRA.

Leseni ina ukomo wa muda. Weka kumbukumbu ya kuihuisha wiki tatu kabla haijaisha, kwa sababu bima na ukaguzi vinaweza kuisha kabla yake na kila kimoja kikamsubiri mwenzake. Kichwa na tela vina namba mbili tofauti za usajili. Bima ya kichwa haifuniki tela mpaka iandikwe hivyo. Gari linalokwenda Zambia lichukue pia kadi ya njano ya COMESA kabla ya kufika Tunduma, kwa kuwa bima ya ndani inaishia mpakani.

Uzito: hesabu kabla ya kupakia

Tangu mwaka 2019 Tanzania inatumia sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Viwango vya kukumbuka ni vichache. Ekseli ya mbele ya usukani ni tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10. Ekseli mbili zinazofuatana zenye matairi manne kila moja ni tani 18. Ekseli tatu zinazofuatana za namna hiyohiyo ni tani 24. Ukomo wa gari zima ni tani 56, hata kama ekseli zake ukizijumlisha zinazidi hapo.

Kwa hiyo lori la ekseli mbili halizidi tani 18, la ekseli tatu tani 26, na semi ya ekseli sita (8 na 18 na 24) tani 50. Uzito huu ni pamoja na gari lenyewe, dizeli, maturubai, spea tairi na watu. Matairi mapana ya moja moja, yanayofungwa badala ya mawili mawili, yana viwango vya chini zaidi. Aliyebadilisha matairi ya tela kuwa ya namna hiyo asiendelee kupakia tani 24 nyuma.

Hatua ya kwanza ni kulipima gari likiwa tupu. Usitegemee uzito ulioandikwa kwenye kadi. Bodi ya mbao nzito iliyochongwa mtaani, tenki la pili la dizeli na bamba la chuma lililoongezwa sakafuni havimo kwenye kadi. Tuseme lori lako la ekseli tatu limesoma tani 10.5 likiwa tupu. Unabakiwa na tani 15.5 za mzigo, sawa na magunia 155 ya kilo 100.

Sasa njoo kwenye viazi vya Njombe na Uporoto. Kisheria gunia halizidi kilo 100, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, bado ipo. Magunia hayohayo 155 yakiwa ya kilo 125 ni kilo 19,375. Umezidi kwa kilo 3,875, na hesabu ya dereva bado inasema magunia 155. Ukipakia shambani, pima magunia matano yoyote kwa mizani ya kuning'iniza, chukua wastani, ndipo uhesabu idadi. Mpakiaji akikataa kupimwa, punguza magunia.

Mbao za Mafinga zina mtego wa namna nyingine. Mbao mbichi ya paina ina maji mengi, na mita moja ya ujazo inaweza kuzidi ile iliyokauka kwa kilo mia kadhaa. Mzigo uliopita mizani mwezi Septemba unaweza kukataliwa mwezi Februari, ukubwa ni uleule ila umenyeshewa. Msimu wa mvua, funika turubai kabla ya kuondoka uwanjani. Kufunika baada ya mvua kunahifadhi maji ndani.

Kuna kosa linalowashangaza wengi: gari zima liko chini ya kiwango lakini ekseli moja imezidi. Semi inasoma tani 48 kwa jumla, halafu ekseli mbili za nyuma ya kichwa zinasoma 19.5. Dawa yake ni kusogeza mzigo. Kuujua umbali wa kusogeza, chukua uzito unaousogeza, zidisha kwa mita unazousogeza, gawa kwa umbali kati ya kingipini (pini inayounganisha tela na kichwa) na katikati ya ekseli za tela. Kama umbali huo ni mita 7.7, kusogeza tani 2 nyuma kwa mita moja kunahamisha kilo 260 hivi kutoka kwenye kichwa kwenda kwenye tela. Kwa mfano wetu wa kilo 1,500 zilizozidi, utahitaji kusogeza kama tani 4 kwa mita 3. Hiyo ni kazi ya vibarua na nusu siku kwenye uwanja wa mizani, wakati kwenye kupakia ingekuwa kumwambia kuli aanzie mita moja nyuma.

Njia hii ina mizani ya Wenda mkoani Iringa, Makambako, Uyole na Mpemba karibu na Tunduma. Mzigo wa kwenda mpakani unaweza kupita mizani moja na kukwama nyingine kwa sababu umeteleza mbele wakati wa kushuka. Magunia yasiyofungwa mkanda katikati ndiyo huteleza zaidi. Kagua kamba kila unaposimama. Na dereva aingie mizani polepole bila kukanyaga breki juu ya bamba, kwa kuwa breki huinamisha gari mbele na ekseli ya usukani husoma zaidi.

Breki za upepo: kipimo cha dakika kumi

Fanya kipimo hiki kabla ya kila safari, ukianza injini ikiwa imewaka na gari limezuiwa kwa kabari mbele na nyuma ya tairi.

1. Jaza upepo mpaka kompresa ikate yenyewe. Zima injini, achia breki ya mkono, na tazama geji kwa dakika moja bila kugusa pedali. Kichwa na tela vikiwa vimeunganishwa, upepo usipungue zaidi ya psi 3. Sasa kanyaga pedali mpaka mwisho na uishikilie. Baada ya ule mshuko wa kwanza, usipungue zaidi ya psi 4 kwa dakika. Ukipungua, zunguka na maji ya sabuni kwenye maungio. Sauti ya kuvuja wakati pedali imekanyagwa tu hutoka mara nyingi kwenye diafram ya busta, yaani kopo la upepo linalosukuma breki ya kila gurudumu.

2. Washa swichi bila kuwasha injini, kisha kanyaga na kuachia pedali ili upepo ushuke. Kengele na taa ya onyo vinapaswa kufanya kazi kabla upepo haujashuka chini ya psi 60, yaani baa 4 hivi. Magari mengi ya Ulaya huonya mapema zaidi. Kengele iliyokatwa waya kwa sababu "inapiga kelele" irudishwe kabla gari halijatoka.

3. Endelea kukanyaga. Kati ya psi 45 na 20, vali ya breki ya mkono iruke yenyewe na springi za busta zifunge magurudumu. Isiporuka, gari halina breki ya dharura.

4. Fungua koki za mitungi ya upepo na utoe maji. Maji kidogo ni kawaida. Mafuta mengi meusi yanaonyesha kompresa imeanza kuchoka au kichujio cha kukaushia upepo kimeisha. Kati ya Juni na Agosti, alfajiri za Mafinga na Makete zinaweza kugandisha maji hayo ndani ya vali, na breki ikakataa kuachia au kukataa kushika. Toa maji jioni unapoegesha, mitungi ikiwa bado na joto.

Fimbo ya busta: sehemu isiyoonekana

Hapa ndipo pa kukaa. Gari linaweza kupita vipimo vyote vinne vya juu, upepo umejaa, kengele inalia, na bado lisisimame kwenye mteremko. Sababu ni urefu wa mwendo wa fimbo inayotoka kwenye busta kwenda kuzungusha ajasta, mkono unaobana brekishuu na kurekebisha nafasi yake.

Busta ina nafasi ndogo ya kusukuma. Breki ikipata moto, drami hupanuka na kukimbia brekishuu, kwa hiyo fimbo lazima isafiri zaidi ili kugusa. Kama ilikuwa imelegea tangu chini, kwenye mteremko itafika mwisho wa busta kabla brekishuu haijabana vizuri. Dereva anakanyaga, upepo upo, nguvu haifiki. Ndiyo maana dereva husema "breki zilikuwa nzima asubuhi" na anasema kweli: zilikuwa nzima zikiwa baridi.

Kupima kunahitaji watu wawili, chaki na rula. Weka gari tambarare na kabari mbele na nyuma ya matairi. Achia breki ya mkono, upepo ukiwa kati ya psi 90 na 100, injini imezimwa. Chora alama ya chaki kwenye fimbo pale inapotokea kwenye uso wa busta. Mwenzako akanyage pedali mpaka mwisho na ashikilie. Pima umbali ambao alama imesogea. Kwa busta ya kawaida namba 30, iliyozoeleka kwenye ekseli za nyuma na tela, ukomo ni milimita 51. Namba 24 na namba 20 ni milimita 45. Namba hizi zimeandikwa kwenye mwili wa busta au kwenye klampu yake. Zipo pia busta za mwendo mrefu zenye ukomo mkubwa zaidi. Usichanganye busta ya mwendo mrefu upande mmoja na ya kawaida upande wa pili wa ekseli moja, gari litavuta upande.

Andika vipimo vya magurudumu yote kwenye daftari. Tofauti kubwa kati ya kushoto na kulia kwenye ekseli ileile ni tatizo hata kama vyote viko ndani ya ukomo.

Ajasta ya mkono hurekebishwa kwa kukaza bolti yake mpaka brekishuu iguse drami, kisha kurudisha robo hadi nusu mzunguko. Hakikisha fimbo haivutwi nje ya busta unapokaza; ikivutwa nje, unazungusha upande usio sahihi. Ajasta inayojirekebisha yenyewe ni habari nyingine. Ikizidi ukomo, usiikaze kwa spana ukaendelea na safari ukidhani umemaliza. Ilishindwa kujirekebisha kwa sababu fulani: bushi za kamshafti zimelika, pini imechakaa, mabano yamelegea, au ajasta yenyewe imekufa ndani. Kuikaza kila wiki kunaficha ugonjwa na kumaliza gia zake ndogo. Mafundi wa pembeni mwa barabara, kwa nia njema kabisa, hupita na spana gurudumu kwa gurudumu wakikaza zote kwa makadirio. Waambie wapime kwanza.

Laini ya brekishuu ikifika milimita 6 katikati, badilisha, na badilisha pande zote mbili za ekseli kwa aina moja. Laini mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili ndiyo njia ya haraka ya kukunja semi katikati ya barabara ya mvua. Drami ina kipenyo chake cha mwisho kimechorwa juu yake. Ikizidi hapo ni ya kuuza vyuma chakavu, usikubali kuchongeshewa tena.

Paipu na waya kati ya kichwa na tela

Njia hii ina vichwa vya Ulaya, vya China na vya Marekani, na tela za kila aina. Paipu nyekundu ni ya kujaza upepo kwenye tela. Ile inayopeleka amri ya pedali ni ya njano kwenye magari ya Ulaya na bluu kwenye ya Marekani. Zikibadilishwa, tela yenye springi haitaachia breki, na hapo utagundua. Hatari iko kwenye tela kuukuu zisizo na springi ambazo mtungi wake umekwisha upepo. Magurudumu yake yatazunguka bure, gari litaondoka kama kawaida, na tela haitakuwa na breki kabisa. Baada ya kuunganisha, sogea mita chache, shika breki ya tela peke yake, uone kama inavuta.

Waya wa ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga) au EBS (breki zinazoongozwa kwa umeme) ni tofauti na waya wa taa. Wengi huuacha ukining'inia kwa sababu taa zinawaka bila huo. Tela itaendelea kushika breki kwa upepo, lakini magurudumu yatajifunga kwenye lami ya mvua, na kwenye EBS mgawanyo wa nguvu kulingana na mzigo huharibika. Ukiwasha swichi, taa ya ABS iwake kisha izime. Isiyowaka kabisa huenda balbu imetolewa na mtu aliyechoka kuiona.

Matairi

Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi la 315/80R22.5 lililobeba mzigo kamili huhitaji baa 8 hadi 8.5, fuata maandishi ya ubavuni. Kwenye matairi mapacha, lenye upepo mdogo husuguana na mwenzake na kuwaka moto, na kugonga kwa rungu hakutofautishi baa 8 na baa 6. Tarehe ya kutengenezwa ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mtumba unaong'aa lakini una miaka kumi usiuweke mbele.

GPS, takografu na lakiri

Kwa mabasi ya mikoani kifaa cha VTS ni sharti la LATRA. Wenye malori wengi hufunga GPS kwa hiari yao ili kujua gari liko wapi na dizeli inakwenda wapi. Mwongozo wa kufunga ni mfupi. Umeme uchukuliwe moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 3 hadi 5. Ukiuchukua kwenye swichi, kifaa kitalala kila gari linapozimwa, yaani saa ambazo wezi wa dizeli wanafanya kazi. Thibitisha kinakubali volti 24. Kisiwekwe chini ya bamba la chuma. Laini ya simu iwe na kifurushi cha data. Kwenye mabonde yasiyo na mtandao kifaa kizuri huhifadhi taarifa na kuzituma baadaye, kwa hiyo ukimya wa nusu saa Kitonga si ushahidi kwamba dereva amekichomoa.

Kipimo cha dizeli lazima kifundishwe tenki: gari tambarare, tenki tupu, mimina lita 20 kwa 20 na kurekodi kila hatua. Bila hivyo namba zake ni za kubahatisha. Hata baada ya kufundishwa, kwenye mlima husoma vibaya kwa kuwa mafuta hukusanyika upande mmoja. Usimtuhumu dereva kwa lita zilizopotea Mlima Nyoka na kurudi Igawa.

Weka onyo la mwendo kwenye kilomita 80 kwa saa, ndio ukomo wa magari yanayozidi kilo 3,500 nje ya makazi, na 50 penye makazi. Magari yaliyotoka Ulaya huja yamefungwa kwenye 90, kwa hiyo kidhibiti cha kiwandani hakikulindi na tochi ya Igurusi wala faini ya Sh 30,000. Baadhi ya mafundi wa umeme hung'oa takografu, kifaa cha kurekodi mwendo na saa za dereva, kwa kuona haina kazi hapa kwetu. Kwenye magari mengi ya Ulaya ishara ya mwendo hupita humo kabla ya kufika kwenye kompyuta ya gari, na ukiing'oa unaharibu geji ya mwendo na kidhibiti chake. Iache.

Taarifa ya GPS yenye faida kubwa kuliko zote kwa mwenye gari ni mwendo wa kuanzia mteremko. Fungua ramani, tazama gari lilikuwa na kilomita ngapi pale juu ya Iwambi na pale juu ya Kitonga. Anayeingia na 60 atashuka kwa breki za miguu tu, na wewe utanunua laini za breki mara mbili kwa mwaka.

Lakiri ya TRA kwenye mzigo wa kupita nchini ni kitu kingine kabisa na GPS yako. Inajua njia iliyoidhinishwa na hutoa taarifa mlango ukiguswa au gari likitoka njiani. Gari likiharibika, piga simu kwa wakala wako wa forodha na TRA kabla ya kuhamisha mzigo kwenye gari jingine, hata kama ni kontena lilelile.

Kushuka

Miteremko ya kuhesabu ni Kitonga kwa anayetoka Iringa kwenda Morogoro, Inyala na Shamwengo kwa anayetoka Mbeya kwenda Igurusi, Iwambi kwa anayeshuka Mbalizi, na njia ya Uyole kwenda Tukuyu hadi Kyela ambayo ina ukungu na mvua karibu mwaka mzima.

Simama juu kabla ya kushuka, pumzisha gari, gusa kamba za mzigo. Chagua gia ya chini kabla gari halijaanza kuteremka. Ukishazidi mwendo, gia ya chini haitaingia na unaweza kubaki huru katikati. Gia ya kushukia iwe ileile ungeipandia mlima huo, au chini yake. Washa breki ya injini au ritada (kifaa cha kupunguza mwendo bila breki za magurudumu) ukiwa bado juu. Breki ya injini hufanya kazi vizuri injini ikiwa kwenye mizunguko mingi, kwa hiyo usiogope sauti mradi mshale haujaingia kwenye nyekundu.

Chagua mwendo wa usalama, tuseme 30. Ukifika 30 kanyaga kwa nguvu ya kutosha mpaka ushuke hadi 22 hivi, kama sekunde tatu, kisha achia kabisa. Rudia ukifika tena 30. Kugusa breki kidogo kidogo bila kuachia hupika drami. Kukanyaga harakaharaka mara nyingi humaliza upepo kuliko kompresa inavyoweza kujaza.

Kupiga fri, yaani kushuka bila gia, kwa ajili ya kubana dizeli ni hesabu iliyokosewa. Injini za kisasa zikiwa kwenye gia na mguu haupo kwenye mafuta, hukata dizeli kabisa. Kwenye fri injini inaunguruma na kunywa.

Breki zikianza kuisha nguvu, ishara ya kwanza ni pedali inayotaka nguvu zaidi kwa matokeo yaleyale, kisha harufu. Simama mapema wakati bado kuna kitu. Zikishakwisha, bakia kwenye gia, washa taa na honi, na tafuta ukuta wa udongo au kichaka upande wa mlima ukiwa bado na mwendo mdogo. Hesabu ya kusubiri chini kuwe tambarare haifaulu Mbalizi, kwa sababu chini kuna mji.

Chini ya mteremko, zunguka gari na kipimajoto cha bunduki, au peleka mgongo wa mkono karibu na kila drami bila kuigusa. Gurudumu lenye moto kuliko yote linaweza kuwa linaburuza breki, au linafanya kazi ya wenzake. Lile baridi halikufanya kazi kabisa, na ndilo la kulipeleka kwa fundi. Ukifika kwenye foleni ya Tunduma breki zikiwa bado zinanukia, usivute breki ya mkono. Chagua mahali tambarare, weka kabari mbele na nyuma, uache drami zipoe kwanza.